Nani Anailaza Mashine? Historia ya Machaguo ya Umeme katika Kiini cha Linux na Somo Lake kwa Waundaji wa Istilahi za Kiswahili



1. Utangulizi

Mwanaisimu anaposimama mbele ya hadhira ya Taaluma za Kiswahili na kutangaza kwamba atazungumzia kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, ana deni la maelezo. Naomba nililipe deni hilo mapema, kwa kisa.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alikuja ofisini kwangu akiwa amevimba macho kwa kulia. Jioni iliyotangulia alikuwa amenakili mahojiano ya saa tatu aliyoyarekodi kwa wazee wa kijijini kwao. Alipochoka, alifungua menyu ya kompyuta yake, ambayo programu yake ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, akakuta machaguo mawili: "Sinzia" na "Lala". Akachagua "Lala", kisha naye akaenda kulala. Betri ya kompyuta hiyo ilikuwa imekufa zamani. Mashine iliishi kwa umeme wa ukutani tu. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi hakukuta hata ukurasa mmoja wa kazi ya jana. "Mwalimu," aliniambia, "mimi niliilaza, sikuizima."

Nilipolinganisha menyu ile na asili yake ya Kiingereza, niliona kosa lilipokuwa. Mfasiri alilipa jina "Lala" chaguo ambalo haliandiki chochote katika diski, na akalipa jina "Sinzia" chaguo linaloandika kila kitu katika diski na kisha kuzima umeme. Mwanafunzi alifikiri kama msemaji mahiri wa Kiswahili: anayelala amezama zaidi kuliko anayesinzia, basi kulala ndiko salama. Lugha yake haikukosea. Aliyekosea ni mtu aliyetafsiri neno bila kuuliza jambo lenyewe likoje.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Historia ya machaguo ya umeme katika kiini cha Linux, tangu miaka ya 1990 hadi leo, ni historia ya maswali mawili: nani anaamua mashine ilale, na kumbukumbu yake inakwenda wapi inapolala? Wahandisi wenyewe, kwa Kiingereza chao, walihitaji miaka mingi kuyatenganisha maswali hayo na kuyapa majina yanayofaa. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuyatenganisha vizuri zaidi, ilimradi muundaji wa istilahi aanze na maswali hayo kabla ya kushika kamusi.

2. Kusanidi kiini ni kujibu maswali

Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na maunzi. Programu ikitaka kumbukumbu, diski, au muda wa kichakataji, huomba kwa kiini. Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Alikitangaza mwezi Agosti 1991, na toleo la kwanza likatoka Septemba mwaka huohuo. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kujiundia kiini kinachoifaa mashine yake.

Kabla ya kuunda, mwundaji husanidi. Katika miaka ya 1990 kazi hiyo ilikuwa mahojiano halisi: mashine iliuliza swali moja baada ya jingine, na mtu alijibu kwa herufi moja ya "ndiyo", ya "hapana", au ya "kama moduli", yaani sehemu itakayopakiwa pale tu itakapohitajika. Baadaye zilikuja menyu, ambazo humruhusu mtu kupita katika maswali kwa mpangilio anaoutaka. Kila swali lina maelezo mafupi ya msaada, na mengi ya maelezo hayo humalizika kwa ushauri: ukiwa na shaka, jibu hapana, au, ukiwa na shaka, jibu ndiyo. Kuanzia mwaka 2000 Eric Raymond alijaribu kuujenga upya mfumo huo wa maswali, lakini kazi yake haikukubaliwa. Oktoba 2002 ulipokelewa mfumo wa Roman Zippel, katika toleo la 2.5.45, nao ndio msingi wa mfumo unaotumika hadi leo.

Kwa nini jambo hili limguse mwanaisimu? Kwa sababu maswali na maelezo hayo, yakikusanywa pamoja, ni kamusi ya aina yake. Kamusi ya kawaida ikikosea, msomaji ataondoka na maana potofu, na huenda mwalimu akamsahihisha kesho. Kamusi hii ikikosea, mashine hulala isiamke, au huamka bila kumbukumbu.

3. APM: mtumishi anayejiamulia

Kompyuta za kubebwa zilipoenea, betri ikawa tatizo. Mwaka 1992 kampuni za Intel na Microsoft zilitoa vipimo vilivyojulikana kwa kifupi cha APM. Chini ya mpango huo, maarifa ya jinsi ya kuilaza mashine yalikaa ndani ya programu ya mtengenezaji, ile iliyohifadhiwa katika bodi yenyewe kabla mashine haijafika dukani. Mfumo endeshi ungeweza kuomba, na ungeweza kuarifiwa, lakini haukujua undani wa kilichokuwa kikitendeka. Programu ya mtengenezaji iliweza hata kupunguza umeme wa kifaa kimoja au kingine kwa uamuzi wake yenyewe.

Toleo la 2.0 la kiini cha Linux, lililotoka Juni 1996, tayari lilikuwa na swali la APM. Chini yake yalikuja maswali madogo, na yanasomeka kama malalamiko ya mtu anayeishi na mtumishi asiyetabirika. Je, kiini kipuuze ombi la mtumiaji la kuilaza mashine? Je, kiiarifu programu ya mtengenezaji kila kichakataji kinapokosa kazi? Je, kiitumie programu hiyo kuzima skrini? Je, kikate umeme kabisa mfumo unapofungwa? Maswali haya yalikuwapo kwa sababu watengenezaji walitofautiana. Jibu lililofaa mashine moja liliikwamisha nyingine.

Naomba tulitazame hili kwa macho ya sarufi. Msemaji wa Kiswahili akikuta skrini nyeusi ana vitenzi kadhaa vya kuchagua. "Imezimwa" inaashiria kwamba yuko mtu aliyeizima. "Imezimika" inaeleza hali bila kumtaja mtenda. "Imejizima" inaihesabu mashine kuwa ndiyo mtenda na ndiyo mtendwa. Siku hizi mitaani tunasikia pia "simu imezima", ambapo kitenzi kilichokuwa elekezi kinatumika bila mtendwa. APM ilikuwa enzi ya "imejizima": mashine ililala, na kiini hakikuwa na hakika ni nani aliyeilaza.

4. ACPI na kuhama kwa mamlaka

Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa vipimo vipya, ACPI. Wazo lake kuu lilikuwa kuhamisha mamlaka. Mtengenezaji hakutakiwa tena kuamua, alitakiwa kueleza. Angeandika majedwali yanayosema vifaa vipo vipi, vinazimwaje na vinaamshwaje, kwa lugha maalumu iliyobuniwa kwa kazi hiyo. Kiini kingesoma majedwali hayo, kingeyafasiri, na uamuzi ungekuwa wa mfumo endeshi.

Kwa hiyo kiini, ambacho awali kilikuwa mwombaji, kikawa msomaji wa matini ya mtu mwingine, na kila mmoja wetu hapa anajua shida za kusoma matini ya mtu mwingine. Katika toleo la 2.4, Januari 2001, ACPI ilikuwamo bado kama jambo la majaribio. Majedwali mengi yalikuwa na makosa, kwa kuwa watengenezaji waliyajaribu kwa Windows, na kilichopita hapo walikihesabu kuwa sahihi. Baadhi ya majedwali huuliza yanasomwa na mfumo gani, na hutoa maelekezo tofauti kulingana na jibu. Ndiyo maana Linux ilijifunza kujibu "ndiyo" inapoulizwa kama inaafikiana na matoleo ya Windows. Vinginevyo ingepelekwa katika njia ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu.

Mtu aliweza kusanidi kiini kimoja chenye APM na ACPI kwa pamoja, lakini mashine ikishawaka ni moja tu iliyotawala. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na wahenga wetu walilijua hilo kabla ya kompyuta.

Walioandika vipimo vya ACPI walifanya jambo moja la busara kwa upande wa istilahi: walitumia namba. Hali ya kuwa macho ni S0. Zinafuata hali za usingizi, kuanzia S1. Katika S3 karibu kila kitu huzimwa isipokuwa kumbukumbu ya muda, ambayo huendelea kupewa umeme kidogo ili isisahau. Katika S4 yaliyomo katika kumbukumbu huandikwa kwenye diski na umeme ukakatwa. S5 ni kuzimwa. Namba haidanganyi, kwa kuwa haina sitiari. Lakini mtumiaji hawezi kuishi kwa namba. Anahitaji jina, na majina ndiyo yaliyoleta tabu.

5. Jina moja, vitu viwili: 2002 hadi 2007

Mwaka 2002 kiini cha Linux kilipata uwezo wa kuandika kumbukumbu nzima katika diski na kuzima mashine bila kuitegemea programu ya mtengenezaji, kazi iliyohusishwa hasa na Pavel Machek. Jina la Kiingereza lililopewa chaguo hilo lilitumia neno lenye maana ya kusimamisha kwa muda au kutundika. Neno hilohilo lilikuwa tayari ndilo jina la ile hali ya S3, ambapo kumbukumbu hubaki ikilishwa umeme. Ili kutofautisha, watu walisema kutundika "katika kumbukumbu" na kutundika "katika diski": kitenzi kimoja, mahali pawili.

Jina lilikuwa na matokeo yake. Kwa kuwa vitu viwili viliitwa kwa kitenzi kimoja, msimbo wake nao uliandikwa kana kwamba ni kitu kimoja chenye miisho miwili. Kiendeshi cha kifaa kilipoambiwa "jiandae", aghalabu hakikujua kama kinaandaliwa kwa usingizi wa S3, au kinatulizwa kidogo tu ili picha ya kumbukumbu ichukuliwe kisha kiamke papo hapo ili picha hiyo iandikwe katika diski. Haya ni maandalizi mawili tofauti. Miaka hiyo watumiaji wengi walishuhudia mashine ikiamka huku skrini ikiwa giza, au kifaa cha mtandao kikikataa kuitika. Sababu zake zilikuwa nyingi, na mkanganyiko huu ulikuwa mmojawapo.

Mwaka 2007 suala hili lilijadiliwa kwa ukali miongoni mwa watengenezaji wa kiini. Torvalds alishikilia kwamba kulaza na kuhifadhi katika diski ni vitu viwili, na kwamba kuviunganisha lilikuwa kosa la msingi. Katika toleo la 2.6.23, Oktoba 2007, machaguo yalitenganishwa. Moja lilibaki na jina la zamani la kutundika. La pili likapewa jina jipya, lililochukuliwa kutoka kwa wanyama wa nchi za baridi wanaolala majira yote ya theluji. Mhandisi Rafael Wysocki ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Tulizingatie hili. Tangu 2002 hadi 2007 ni miaka mitano. Watu hawa walikuwa na lugha yenye istilahi nyingi za sayansi, na walikuwa wabunifu wa vitu vyenyewe, hawakuvipokea kutoka kwa mwingine. Hata hivyo iliwachukua miaka mitano kugundua kwamba jina baya lilikuwa limewafanya waandike msimbo mbaya. Hapo ndipo ninapopata ujasiri wa kusema kwamba uundaji wa istilahi si urembo unaopakwa juu ya ufundi baada ya ufundi kukamilika.

Mgawanyo uliendelea. Toleo la 4.10, Februari 2017, liliweka wazi kwamba hata usingizi wa kumbukumbu una ngazi tatu zinazoweza kuchaguliwa: kutulia tu pasipo kuzima vifaa vikuu, usingizi mwepesi, na usingizi mzito. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa ngazi hizo. Anazo: kujipumzisha, kulala, kulala fofofo.

6. Mapigo ya saa na kidhibiti mwendo

Kulala usiku si njia pekee ya kuweka akiba ya umeme. Kichakataji hupumzika pia mchana, katikati ya kazi, kwa vipande vidogo vya sekunde. Hapa kuna chaguo ambalo historia yake inaeleweka hata na asiyejua kompyuta.

Kiini kilikuwa na saa iliyokigutusha kichakataji mara kwa mara ili kukagua kama kuna kazi. Katika kompyuta za kawaida, toleo la 2.4 lilikigutusha mara 100 kwa sekunde. Toleo la 2.6, Desemba 2003, lilipandisha idadi hiyo hadi mara 1000 ili mashine iitike upesi zaidi. Faida ilionekana, na hasara pia: kichakataji kisicho na kazi yoyote kiliamshwa mara 1000 kila sekunde kuulizwa kama kina kazi. Ni sawa na mlezi anayemwamsha mtoto kila dakika kumuuliza kama amelala. Mwaka 2005, katika toleo la 2.6.13, idadi ikawa chaguo la msanidi: 100, 250 au 1000. Hatimaye toleo la 2.6.21, Aprili 2007, lilileta uwezo wa kuinyamazisha saa hiyo pale ambapo hakuna kazi. Mwezi uliofuata Intel ilitoa programu ya PowerTOP, ambayo humwonyesha mtumiaji ni programu zipi zinazokiamsha kichakataji na kwa kiasi gani. Ikadhihirika kwamba wavunja usingizi wengi hawakuwa katika kiini, bali katika programu za kawaida zilizoamka kutazama kitu ambacho hakijabadilika.

Chaguo jingine linahusu kasi. Kichakataji kinaweza kuendeshwa polepole ili kitumie umeme kidogo. Kinachoamua kasi hiyo katika kiini kina jina la Kiingereza ambalo mfasiri mvivu angeliandika "gavana". Lakini gavana, kwa Mswahili, ni mtu: zamani mtawala wa koloni, na leo nchini Kenya kiongozi wa kaunti. Neno la Kiingereza lenyewe lilitoka kwenye mitambo: kile kifaa cha mipira inayozunguka ambacho James Watt alikitumia katika injini ya mvuke mwaka 1788 ili isiende mbio kupita kiasi. Je, Kiswahili kina neno la kifaa cha namna hiyo? Kinalo, na limetoka barabarani. Mwezi Februari 2004 Kenya ilianza kutekeleza kanuni zilizoyalazimisha magari ya abiria yawe na kifaa cha kuzuia kasi isizidi kilomita 80 kwa saa. Vyombo vya habari vya Kiswahili vikakiita kidhibiti mwendo, na kila abiria akakifahamu. Mwaka huohuo, toleo la 2.6.9 la Linux lilipata kidhibiti kinachopandisha kasi pale kazi inapoongezeka na kuishusha inapopungua. Istilahi ilikuwapo tayari katika matatu. Ilimsubiri mfasiri apande.

Simu za Android nazo zinaendeshwa na kiini cha Linux, kwa hiyo wengi wenu mmekuja na historia hii mifukoni. Simu hutaka kulala wakati wote, isipokuwa programu fulani ikiomba isilale. Namna ya kuomba ilizua ubishi mrefu tangu 2009, na ni katika toleo la 3.5, mwaka 2012, ambapo kiini kikuu kilikubali utaratibu unaokidhi haja hiyo. Jina la Kiingereza linaunganisha kufuli na kuamka. "Kufuli la kuamka" kwa Kiswahili halina maana, na tena laweza kueleweka kinyume, kwamba ni kufuli linalozuia kuamka. Lakini tunalo neno kukesha, ambalo kila mtu analijua kutoka kwenye matanga, maulidi na mikesha ya sikukuu. Programu inayozuia simu isilale imeomba kibali cha kukesha. Istilahi hiyo haihitaji tanbihi.

7. Nyenzo za Kiswahili

Sasa niweke pamoja yale niliyoyagusa. Katika swali la kwanza, la nani anaamua, nguvu ya Kiswahili iko katika minyambuliko ya kitenzi. Kutokana na lala tunapata laza na lazwa, na pamoja na kiambishi rejeshi tunapata jilaza. "Mashine imelala" haimtaji mtenda. "Kiini kimeilaza mashine" inamtaja. "Mashine imejilaza" inaeleza tabia ya APM kwa neno moja. Kiingereza cha menyu hutumia umbo moja kwa yote hayo, na mtumiaji hubaki akikisia.

Katika swali la pili, la kumbukumbu inakokwenda, tuna sitiari ya jikoni ambayo bibi zetu waliitumia kila usiku. Kuna kufukia moto: makaa hufunikwa kwa jivu, na alfajiri yanapulizwa yakawaka. Kuna kuzima moto: maji yakishamwagwa, asubuhi itabidi uwashe upya. Usingizi wa S3 ni makaa yaliyofukiwa. Huamka upesi, lakini unahitaji yale makaa kidogo. Mvua ikipenya, yamekwisha. Katika nchi ambazo umeme hukatika na betri huzeeka, mvua hiyo si jambo la kufikirika.

Lile chaguo la pili, la diski, lina sitiari ya Kiingereza inayotegemea theluji. Tungeweza kutafuta kiumbe wetu: konokono hujifungia ndani ya kombe wakati wa kiangazi na kuziba mlango kwa utando, kamongo hujichimbia topeni maji yanapokauka. Nilivutiwa na njia hiyo kwa muda. Nimeiacha, kwa sababu konokono naye bado yu hai ndani ya kombe lake na bado anatumia nguvu kidogo, na mtumiaji atarudi kulekule alikokosea mwanafunzi wangu. Hapa sitiari haitufai. Linafaa tamko la wazi: hifadhi na uzime. Ni maneno mawili yanayotaja matendo mawili kwa mpangilio wake, na msomaji akishayasoma anajua kazi yake iko diskini na umeme unaweza kukatika usiku kucha.

Kuhusu zima lenyewe, tukumbuke kwamba lina jamaa na majirani. Zimia ni kupoteza fahamu, na aliyezimia huzinduka. Aidha kuna kivumishi -zima, chenye maana ya kamili au hai, ambacho kinafanana nalo kwa sauti tu. "Mashine nzima" na "mashine imezima" zikikaa jirani katika menyu zitamtatiza msomaji. Kwa hiyo napendekeza kivumishi hicho kiepukwe katika maandishi ya menyu za umeme, na pale tunapotaka maana ya ukamilifu tuseme "yote" au "kamili".

8. Mlango uliokuwa wazi

Mtu anaweza kuuliza: je, haya yana matumizi? Kiini hakina Kiswahili. Ni kweli, lakini naomba mjue jinsi ilivyokuwa.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa makao ya mradi wa Kilinux, uliotafsiri programu huria kwa Kiswahili na kutoa Jambo OpenOffice mwaka huohuo. Kazi ile ilionyesha kwamba wanaisimu na wanakompyuta wanaweza kukaa meza moja na kutoka na bidhaa. Mwaka uliofuata, 2005, mfumo wa maswali ya kusanidi kiini cha Linux uliongezewa uwezo wa kutafsiriwa, ili swali na maelezo yake yaweze kuonekana kwa lugha ya msomaji. Mlango ukafunguliwa kwa lugha yoyote, ikiwamo yetu.

Mwaka 2018 uwezo huo uliondolewa. Sababu iliyotolewa ilikuwa rahisi: ulikuwa umeharibika, na ilionekana hautumiki. Hakuna aliyetufukuza. Kwa takriban miaka 13 mlango ulikaa wazi, kisha aliyekuwa akifagia nyumba akaona hakuna anayepita, akaufunga ili vumbi lisiingie. Simlaumu. Najilaumu mimi na rika langu, tuliokuwa tukiandika makala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi, huku sehemu moja ambapo uwezo huo ungepimwa kwa vitendo ikitusubiri.

Milango mingine ingali wazi. Menyu za kompyuta na simu, ambako chaguo la kiini humfikia mtumiaji wa kawaida, zinatafsiriwa kila mwaka, mara nyingi na vijana wanaojitolea, bila mwanaisimu kando yao. Neno lililomponza mwanafunzi wangu liliandikwa na mmoja wa vijana hao, na nina hakika aliliandika kwa nia njema, akiwa peke yake mbele ya orodha ya maneno yasiyo na muktadha.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kati ya 1992 na 1996 swali lilikuwa nani anailaza mashine, na kwamba kuihamisha mamlaka hiyo kutoka kwa mtengenezaji hadi kwa mfumo endeshi kulichukua miaka mingine mingi. Tumeona kwamba kati ya 2002 na 2007 swali lilikuwa kumbukumbu inakwenda wapi, na kwamba jina moja lililobebeshwa vitu viwili liliwachelewesha hata wabunifu wenyewe. Kutokana na hayo napendekeza kwa wanafunzi wangu utaratibu mwepesi. Unapopewa istilahi ya mashine utafsiri, usianze na kamusi. Uliza nani anatenda, nani anatendwa, na nini kitapotea umeme ukikatika. Ukishapata majibu, tafuta kitenzi, kisha kipe mnyambuliko unaostahili.

Mwanafunzi niliyemtaja aliyanakili mahojiano yake upya, kwa majuma mawili, na alimaliza shahada yake. Rekodi za sauti zilikuwa salama. Mmoja wa wale wazee, hata hivyo, alikuwa amefariki katika kipindi hicho, na maswali ambayo mwanafunzi alikuwa ameyaandika pembeni jioni ile, ya kurudi kumuuliza, hakuweza kuyakumbuka yote.